Ufundi wa elfu arobaini

Ukuta wa koridoni ulianza kutoa jasho mwezi wa kwanza. Siku ya kwanza nilidhani mtoto kamwaga maji, nikafuta, nikaendelea na shughuli zangu. Baada ya siku mbili rangi ikavimba kama andazi. Ukiibonyeza kwa kidole inaachia, na plasta ya ndani imelowa kiasi cha kuchoteka kwa kijiko. Nyuma ya ukuta ule ni bafuni. Nyumba yetu iko Tabata; aliijenga marehemu baba miaka ya tisini, chumba kimoja kimoja kwa mshahara wa serikali, na mabomba aliyoyafukia ukutani yalikuwa ya chuma, kama ilivyokuwa kawaida wakati ule. Kwa miaka mingi yalipitisha maji ya kisima, na watu wa Dar wanayajua maji ya visima vyetu: yana chumvi, sabuni haitoi povu, sufuria inaota ukoko mweupe. Chuma nacho kilikuwa kinaliwa taratibu, sisi tunaoga tu.

Usiku nilifunga koki zote za ndani, nikatoka na tochi ya simu kuangalia mita ya maji ya DAWASA. Kile kigurudumu kidogo cha katikati kilikuwa kinazunguka. Polepole, lakini kinazunguka, saa saba ya usiku, nyumba nzima imelala. Bili iliyofuata ilisema uniti 26 badala ya 12 zetu za kawaida. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo ukuta wangu ulikuwa umekunywa lita 14,000, yaani simtanki kumi na nne zile za lita elfu. Na bomba likishapita mita ni mali yako, huna wa kumlalamikia.

Jirani akanipa namba ya fundi. Kijana mchangamfu, alifika asubuhi hiyohiyo, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa kama daktari.

"Kazi ndogo hii, mama. Nipe themanini."

Mimi ni karani wa hesabu shuleni. Kutwa nzima kazi yangu ni kukata matumizi ya watu. Nikamuuliza, themanini kwa bomba moja? Nikaelekea jikoni kama mtu asiye na haja, nikarudi, tukavutana weee mpaka ikafika arobaini. Jioni nilimpigia dada yangu simu kujisifu.

Vifaa aliviandika kwenye kipande cha boksi. Akasema ana duka lake analochukua mzigo, wanampa kwa bei ya jumla, mimi nikienda nitapigwa. Nikaona sawa. Akarudi na mfuko mweusi na risiti ya kuandikwa kwa mkono: 186,000. Nilishtuka kidogo, lakini nikajiambia vitu vimepanda bei, si kila mtu analalamika?

Akaanza kuvunja kutokea bafuni. Nilisimama mlangoni nikimtazama, na nakiri nilifurahi, maana niliona mtu anafanya kazi kwa nguvu. Marumaru kumi na moja zilishuka, zile za bluu zenye maua madogo ambazo baba alizileta kwa mkokoteni kutoka Kariakoo na ambazo leo huzipati popote. Saa tisa alasiri akamaliza, akafungua maji, bomba kavu kabisa. Nikamlipa arobaini yake, na 12,000 nyingine ya nauli na chakula ambayo hatukuwa tumeizungumza, lakini utamnyimaje mtu aliyeshinda na njaa kwako. Kisha nikamuuliza, na huu ukuta?

"Mimi fundi bomba, mama. Uashi ni mtu mwingine."

Hakunidanganya. Hakuna mahali popote tulipokubaliana kwamba atafunga ukuta. Tulikubaliana bei tu. Kazi yenyewe inaanzia wapi na inaishia wapi, si mimi niliyeuliza, si yeye aliyesema.

Nina kaunta buku ambalo naandikia matumizi ya nyumba, tabia ya kazini imenifuata. Mambo yalivyokuja kwenye ukurasa ule ni hivi. Mwashi alichukua 35,000, na saruji na mchanga vikala 22,000. Fundi wa marumaru alitaka 40,000, na boksi mbili za marumaru nyeupe (bluu hakuna) zikawa 56,000, gundi yake 18,000. Rangi ya lita nne 38,000, fundi wa kupaka rangi 25,000. Ukijumlisha na ufundi wa bomba, vifaa vyake na ile nauli, mstari wa mwisho ulisoma 472,000. Nilirudia kujumlisha mara tatu nikitafuta nilipokosea. Kazi ya elfu arobaini, ile niliyojisifia kwa dada.

Ningekuwa na moyo wa kusamehe kama ukuta ungenyamaza. Wiki ya tatu nikatembeza kiganja pale koridoni, baridi. Wiki ya nne, andazi lilelile, mahali palepale, chini ya rangi mpya. Nikampigia kijana. Akapokea, akasema yuko Chanika, atakuja Jumamosi. Jumamosi simu ikaita mpaka ikachoka.

Shuleni kwetu kuna mzee wa Buguruni ambaye ndiye aliyelaza mabomba ya vyoo vya wanafunzi, na vyoo vinavyotumiwa na watoto mia nne vikikaa miaka mitatu bila kuvuja, fundi huyo unamheshimu. Hakupita chuo, alijifunza kwa kumbebea mtu begi la spana tangu akiwa kijana, na baadaye VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, wakampima ujuzi wake wakampa cheti, ambacho anacho nyumbani kwenye bahasha na hajawahi kuulizwa na mteja. Nikampigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nauli yangu elfu tano, kuangalia elfu kumi. Kazi tutaongea nikishaiona."

Nikakaa kimya kwenye simu. Kuangalia nako kunalipiwa? Kwa hasira za ile laki nne na sabini na mbili nilitaka kukata. Lakini sikuwa na mwingine.

Alikuja na kijana wake, wala hakugusa ukuta. Alianzia getini kwenye mita. Akafunga koki ya simtanki, akaangalia mita. Akafunga ya jikoni, akaangalia. Akafunga inayokwenda bafuni, mita ikasimama. Dakika arobaini hivi za kufungua na kufunga, mimi nikimfuata nyuma. Ndipo akaja ndani, akauliza yule mwenzake alipima maji saa ngapi. Nikamwambia saa tisa mchana. Akacheka.

"Mchana maji ya huku yana nguvu gani? Hapo alipima ya simtanki, yanateremka yenyewe taratibu. Usiku watu wakilala, ya mtaani yanakuja na presha. Kiungo chake kililegea usiku uleule, wewe umeona baada ya wiki tatu kwa sababu ukuta ulikuwa bado unameza."

Kijana alikuwa ameunga bomba jipya la plastiki kwenye kipande cha chuma cha zamani kilichokwisha meno kwa kutu. Ukiweka kiungo kipya kwenye meno yaliyooza, umekisogeza tu kidonda mbele. Lakini lililoniuma zaidi ni jingine, alilolisema akiwa anainama kutazama zile marumaru nyeupe kumi na moja katikati ya ukuta wa bluu, kama mtu mwenye meno ya bandia.

"Hawa wangevunjia koridoni. Kule ni plasta na rangi basi. Bomba ni lilelile, unaliendea kwa mgongo."

Ukurasa wangu una 114,000 za marumaru ambazo hazikuwa na sababu ya kuwepo. Tangu siku ile fundi yeyote akiniambia atavunja, swali langu la kwanza ni utavunjia upande gani, na nani atafunga.

Bei yake ilikuwa 130,000, ang'oe chuma chote kuanzia koki ya nje, alaze bomba la PPR, lile la plastiki linalochomelewa kwa joto, avunjie koridoni, afunge ukuta na kupiga plasta yeye na kijana wake. Ulimi uliniwasha. Nikasema, mzee, punguza kidogo.

"Nipunguze nini mwanangu, bomba au ukuta?"

Sikupata jibu. Vifaa alisema nikanunue mwenyewe, yeye ataandika tu. Nikaenda Gerezani, pale Kariakoo ambako maduka ya vifaa vya ujenzi yamebanana, na nikabeba pia kile kipande cha boksi cha fundi wa kwanza, maana sikuwa nimekitupa. Nikamwomba muuzaji anipigie hesabu ya orodha ile ya zamani, vitu vilevile, aina ileile. Koki niliyoandikiwa 28,000 ilikuwa 15,000. Bomba la 14,000 lilikuwa 8,500. Elbo za 2,500 moja, elfu moja. Jumla 109,000, na risiti ya mashine ya EFD juu yake. Tofauti na ile ya mkono ni 77,000. Mimi nilimpunguzia fundi arobaini kwa mdomo, yeye akajirudishia sabini na saba kwa kalamu.

Orodha ya mzee ilikuwa ndefu zaidi kwa sababu bomba lilikuwa refu zaidi, ikafika 124,000, na bodaboda ya kuubeba mzigo 8,000. Mabomba ya PPR yana mita nne, kwa hiyo tulikata mawili katikati ili yasitugombanishe na magari ya barabara ya Uhuru.

Siku ya pili jioni bomba lilikuwa limeshalazwa, viungo vimechomelewa kwa ile mashine yao inayofanana na pasi, maji yamefunguliwa. Nikatoa hela. Akakataa nusu. Akasema ukuta ulale wazi siku mbili.

"Wazi hivi hivi?"

"Wazi. Presha ya usiku ipite mara mbili. Ukiona hata tone, nipigie, sina cha kuvunja tena."

Kuishi na mfereji ukutani siku mbili ni karaha. Vumbi kwenye vikombe, mtoto anachungulia tundu kila dakika, mgeni akija unaanza kujieleza kabla hajakaa. Nilinung'unika. Usiku wa kwanza niliamka mara mbili nikapapasa viungo kwa vidole, kimoja baada ya kingine, na vyote vilikuwa vikavu kama vilivyotoka dukani. Mita getini imesimama tuli.

Siku aliyorudi kufunga, kijana wake alichelewa na mchanga, tukakaa kibarazani kwa chai na chapati. Nikamuuliza moja kwa moja, mzee, ile laki na thelathini inakwendaje? Hakuona vibaya. Alihesabu kwa vidole. Kijana namlipa ishirini kwa siku, siku mbili na nusu, hiyo hamsini. Nauli zetu na chai, kumi. Imebaki sabini. Mdomo wa ile mashine unakwisha, nao unanunuliwa. Halafu wiki hii kabla ya kuja kwako nimekaa kijiweni siku mbili bila kuitwa na mtu, na hizo siku mbili watu nyumbani wamekula. Nikagawa kichwani, sabini kwa siku zake tatu za kuja kwangu na mbili za kijiweni: elfu kumi na nne kwa siku. Mimi mwenye kiti na meza nisingeikubali.

Nikamweleza habari za risiti ya kijana. Akanywa chai kwanza.

"Ulimfukuza kwenye ufundi, akaingilia dukani."

Nimeifikiria sana kauli ile na sikubaliani nayo yote. Risiti ya uongo ni uongo, na kijana angeweza kusimama kwenye themanini yake au akaondoka. Wako wanaofanya hivyo. Lakini upande wangu upo ukweli ambao sikutaka kuuona: nilijua kabisa arobaini haimtoshi mtu kuvunja ukuta, kuunga bomba na kurudi kwao na kitu mfukoni. Nilijua, nikafurahia. Cha juu cha dukani kinajulikana mji mzima, muuzaji anamtengea fundi chake kwa kuleta mteja, na fundi aliyebanwa kwenye ufundi atakitegemea hicho. Atakuandikia elbo kumi pale panapotaka sita. Ukiona masalio mengi mno kwenye mfuko baada ya kazi, usidhani alikosea kuhesabu.

Duru ya mzee iliisha hivi kwenye kaunta buku: kuangalia na nauli 15,000, vifaa 124,000, bodaboda 8,000, saruji na mchanga 24,000, ufundi 130,000. Rangi ilikuwa imebaki ya mwanzo; nikanunua rola na brashi kwa 6,000, nikasubiri plasta ikauke sawasawa, wiki nne nzima mzee alivyosisitiza, nikapaka mwenyewe. Jumla 307,000. Kazi kubwa zaidi, bomba refu zaidi, hela pungufu kwa 165,000. Uvujaji wote kwa ujumla umenila 779,000 bila kuhesabu bili ya maji, na humo ndani kuna ada ya mwanafunzi wa bweni ya muhula mzima.

Sasa nisije nikaeleweka kwamba fundi ghali ndiye fundi mzuri. Mwaka huohuo seremala alinichaji bei ya juu kuliko wenzake wote kwa mlango mmoja wa mninga, akataka advansi ya nusu anunue mbao, na hadi leo mlango ni pazia. Advansi ya vifaa siku hizi nailipa dukani mwenyewe; ya ufundi naitoa mtu akishaanza, kidogo kidogo kufuata kazi. Fundi wa kweli hachukii utaratibu huo. Anayechukia kwa kawaida ana deni la kazi ya mtu mwingine analotaka kulilipa kwa hela yako, na wewe utalipwa kwa hela ya atakayefuata.

Umeme nao una hesabu zake. Hapo sivutani bei, namwomba leseni ya fundi umeme inayotolewa na EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, na kumwambia anionyeshe waya kabla hajaufukia. Hii ni baada ya soketi ya pasi kuyeyuka chumbani kwa mama; aliyeiweka alitumia waya wa 1.5, ambao ni wa taa, mahali pa 2.5, kwa kuwa ni rahisi na ukishafukiwa na plasta hakuna anayeona. Akiba ya waya ule, nilipokuja kuulizia, haikufika hela ya kuku mmoja wa kienyeji. Mama angekuwa amelala je?

Na bati. Ukisubiri masika ndiyo umtafute fundi wa paa, utampata kwa bei anayotaka yeye, akipatikana, na utanunua bati kwa haraka bila kupima. Geji namba ikipanda bati linapungua unene, 30 ni nyembamba kuliko 28, na wapo wauzaji wanaofurahi ukilisahau hilo. Mimi vya paa navimaliza mwezi wa pili, jua likiwa bado kali na mafundi wako kijiweni wanacheza bao.

Mwezi uliopita sinki la jikoni likaanza kudondosha, tone, tone, kwenye kabati la chini. Nikamwita mzee. Akaja peke yake safari hii, akapiga magoti kwa taabu, akaingiza kichwa kabatini, akazungusha kitu kwa mkono, akatoka na kijipete cha mpira kilichopasuka.

"Hii washa tu. Shilingi mia tano hapo dukani. Ukiivisha, kaza kwa mkono, usitumie spana utakivunja hicho kiplastiki. Mimi hapa sina kazi."

Akaanza kufunga begi lake. Alikuwa ametumia dakika tano, nami nikahisi ule mkono wa kikarani ukitaka kusema, basi mzee, kwa kuwa hukufanya kitu. Nikaenda chumbani nikarudi na elfu kumi na tano, tano ya nauli na kumi ya kuangalia. Akaihesabu, akaikunja, akauliza kama chapati za siku ile zimebaki.

Washa niliivisha mwenyewe jioni. Ndoo bado iko chini ya sinki, nachungulia kila asubuhi, na mpaka leo haina kitu.